SIMU YAKO IMESHAKUAMULIA UTAFUTE NINI: Niliyoyaona Nikiwa Steshenari Kharumwa

Leo naomba tumpumzishe kidogo yule staa wetu wa Bongo Fleva na mchumba wake mpya, ingawa najua wengi ndio mliomfuata hapa. Msijali, tutampitia njiani, maana na yeye yumo kwenye hii stori. Jina sitaji, kama kawaida yetu. Wenye macho wataelewa.

Nina swali moja kwanza. Mara ya mwisho kuiuliza simu yako kitu ilikuwa lini? Sizungumzii kuskroli TikTok ukiwa umelala chali, wala kubonyeza video iliyojileta yenyewe. Nazungumzia kukaa, kufikiria unataka kujua nini, kuandika maneno yako mwenyewe na kusubiri jibu. Najua wengi hapo mmekuna kichwa. Hauko peke yako. Dunia nzima inahama, kutoka kutafuta kwenda kutafutiwa. Simu inataka ikupe kitu kabla hujaomba, tena kitu cha kwako wewe, tofauti na cha jirani yako.

Watu wa Dar mnaweza kusema hizo ni habari za wataalamu. Mimi nimeziona huku kwetu, kazini na nyumbani, na nyumbani ilibaki kidogo zituletee msiba. Ndio maana naandika.

KAZI YANGU NI KUTAFUTIA WATU

Kwa wageni: nipo Kharumwa, makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale, mkoa wa Geita. Mkoa wenyewe ulizaliwa 2012, kabla ya hapo sisi tulikuwa tunahesabiwa Mwanza. Huku tunaishi kwa mpunga, mahindi, pamba, ng'ombe, na juu ya vyote dhahabu. Kijana asipokuwa kwenye duara, yuko kwenye karasha. Asipokuwa kwenye karasha, ni dereva wa bodaboda anayewapeleka hao wa duara na wa karasha.

Mimi nilimaliza form four, nikaingia steshenari. Natoa kopi, naprinti, nalaminetisha vyeti. Lakini kazi kubwa hasa ni kutafutia watu vitu mtandaoni. Mzee anaingia, namwamkia shikamoo, ananiambia, "Marahaba mwanangu, hebu nitafutie matokeo ya mjukuu." Kijana anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, anataka kuomba kazi serikalini kupitia mfumo wa ajira. Binti anataka fomu ya mkopo wa chuo. Mama anataka kujua ng'ombe wake akitoa machozi na kukosa hamu ya kula anaumwa nini. Wote wananiambia neno moja: nitafutie.

Sasa kompyuta yetu ya dukani haina mwenyewe. Inatumiwa na kila mtu, hakuna aliyeingiza akaunti yake. Ukifungua YouTube pale unaweza kucheka mpaka ukae chini. Video ya kwanza ni mashine ya kutambua dhahabu ardhini. Ya pili gauni za sendofu. Ya tatu dawa ya kupe. Ya nne mchungaji anaombea watu. Ya tano Simba na Yanga. Ya sita katuni. Yaani ni kama Kharumwa nzima imekaa kwenye benchi moja, na mashine haijui imhudumie nani. Inajaribu kumridhisha kila mtu, inaishia kumshangaza kila mtu.

Halafu linganisha na simu ya mtu mmoja. Siku moja hakukuwa na wateja wengi, nikafanya kajaribio. Alikuwepo kijana wa machimbo na rafiki yangu mmoja anayeuza nguo. Nikawaambia kila mmoja aandike kwenye YouTube ya simu yake neno moja tu: dhahabu. Kwa kijana zikaja karasha, mitambo ya kutambua mwamba, jamaa anaonyesha jiwe linavyometameta, na bei ya gramu. Kwa dada wa nguo zikaja cheni, heleni na namna ya kujua pete ya uchumba ni dhahabu au ni bati. Neno moja, meza moja, na kila mtu amepelekwa njia yake. Wakatazamana wakacheka. Mimi nikaanza kuwaza.

TUMEFIKAJE HUKU

Ngoja niwape historia fupi, nimeiokoteza kidogo kidogo usiku bando likiwa rahisi.

Google ilianzishwa 1998 na vijana wawili waliokuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Ujanja wao ulikuwa kuhesabu kurasa zinavyoelekezana. Ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingi zenye heshima unapanda juu. Ni kama huku kwetu, fundi anayetajwa na watu wengi wazuri ndiye unayemwendea. Enzi hizo ukiuliza wewe na nikiuliza mimi, majibu yalifanana kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 2004 wakaanza kujaribu kumalizia maneno ya mtu kabla hajamaliza kuandika. Desemba 2009 wakatangaza kwamba majibu yatapangwa kulingana na mtu kwa watu wote, hata yule ambaye hajaingiza akaunti. Mwaka uliofuata, bosi wao wa wakati huo, Eric Schmidt, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba kwa maoni yake watu wengi hawataki Google iwajibu maswali, wanataka iwaambie wafanye nini baada ya hapo. Mimi niliposoma hiyo nilirudia mara mbili. 2010! Wakati huo wengi wetu hapa tulikuwa shule ya msingi, na mwenzetu ameshaona mwisho wa safari.

Halafu ikaja TikTok na ukurasa wake wa mapendekezo, ambao hausubiri kabisa uulize. Wenyewe walieleza mwaka 2020 kwamba ukiangalia video ndefu mpaka mwisho, hiyo ni alama nzito kuliko wewe na aliyeiweka kuwa nchi moja. Maana yake mashine inasoma kidole chako. Umeganda wapi, umerudia nini, umeruka nini. Halafu inatafuta watu wengine wanaoganda kama wewe, inakuletea walichopenda wao. Huo mtambo ndio wanaouita algoriti. Hauna uchawi wowote, ni hesabu ya tabia.

Mwaka 2022 mkubwa mmoja wa Google, Prabhakar Raghavan, akakiri hadharani kwamba kwa utafiti wao wenyewe karibu asilimia 40 ya vijana wakitafuta sehemu ya kula hawaendi Google, wanaenda TikTok au Instagram. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoka ChatGPT. Mei 2024 Google nao wakaanza kule Marekani kuweka jibu la akili mnemba juu kabisa, kabla ya orodha ya kurasa. Kwa hiyo zamani ulipewa kurasa kumi ukachagua. Sasa unapewa jibu moja, na linaloelekea kuja ni jibu moja lililopikwa kwa ajili yako peke yako, na mashine inayokumbuka ulichoiambia mwezi uliopita.

STAA WETU NAYE

Nilisema tutampitia. Andika jina la yule msanii wetu kwenye sehemu ya kutafutia, usimalize, acha mashine imalizie. Inakuletea utajiri wake, mke wake, umri wake, nyumba yake, na "amefariki". Jamaa mzima kabisa, juzi tu alikuwa jukwaani! Kuna mwaka alizushiwa kifo, watu wakakimbilia kuandika "amefariki", mashine ikashika. Sasa mtu aliyetaka kutafuta wimbo wake mpya anaona neno hilo, anashtuka, anabonyeza. Kwa kubonyeza ameiambia mashine kwamba neno linauza. Mashine inampa na mwingine. Uzushi unajilisha wenyewe.

Na kuna dada mmoja wa Bongo Muvi, sitaji, ambaye aliwahi kulalamika mbele ya watu kwamba amefanya filamu miaka na miaka, ila ukiandika jina lake kinachokuja ni mwanaume aliyeachana naye zamani. Filamu zake ziko chini huko. Sisi tulicheka, tukatengeneza vichekesho. Ila ukweli ni kwamba mashine ilikuwa inatuonyesha sisi wenyewe tulivyo. Tulichobonyeza jana ndicho anachopewa mwenzetu leo. Na siku ikiamua kumpa kila mtu cha kwake, mpenda udaku hatajua kabisa kama yule dada ana filamu.

Hayo ni ya mastaa, tunaweza kuyacheka. Sasa nije nyumbani.

KAKA YANGU NA SIMU YAKE

Kaka yangu ni mchimbaji mdogo. Ana simu nzuri, na kila jioni akitoka kwenye duara anaangalia video karibu saa mbili nzima. Simu yake inamjua vizuri sana. Inamletea wachimbaji wa Geita, wa Ghana, wa Peru. Inamletea mitambo, miamba, mtu aliyelala maskini akaamka tajiri. Inamletea na mikeka ya kubeti, maana mashine imeshahesabu kwamba anayeota dhahabu ataota na odi. Alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, hii simu ni mwalimu wangu."

Na kweli ilimfundisha mengi. Ila kuna jambo moja haikuwahi kumwambia hata siku moja.

Kama hujawahi kufika machimboni: mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, halafu dhahabu inakamatishwa kwa zebaki. Ukishapata kile kidonge cheupe unakichoma, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Kaka alikuwa anachomea nyumbani, jikoni, usiku, kwa sababu ya wezi. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, analala chumba cha pili, na pazia tu ndilo linatenganisha.

Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Unaingia mapafuni, unaingia kwenye damu, unaharibu ubongo, neva na figo, na kwa mjamzito unavuka mpaka kwa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani limeiweka zebaki kwenye orodha ya kemikali kumi zinazotia wasiwasi zaidi kwa afya ya watu. Upo mkataba wa dunia nzima kuhusu zebaki, unaitwa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa 1956. Kule ilikuwa zebaki ya aina nyingine, ilitoka kiwandani ikaingia baharini, watu wakala samaki, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba ulipitishwa 2013 na Tanzania ikauridhia 2020. Yote haya yapo mtandaoni. Hakuna aliyeyaficha.

Ila ili uyapate lazima uulize. Na kaka hakuuliza, kwa nini aulize? Hakuna kitu kwenye maisha yake ya simu kilichogusa hilo swali. Aliangalia video za kung'aa, akaletewa zinazong'aa zaidi. Mtu anayeonyesha hatari anaonekana ana mkosi, video yake inarukwa, na mashine inajifunza kwamba watu hawa hawaipendi. Haikumchukia kaka yangu. Ilimpa alichopenda, mpaka mwisho.

Mimi nilijua kwa bahati ya kazi. Mwalimu mmoja alikuja kuprinti mafunzo ya afya kwa wachimbaji, nikawa napanga kurasa huku nasoma. Mikono ikaanza kunitetemeka palepale kwenye mashine.

Jioni nikaenda kwa kaka. Nikajua nikianza kumhubiria, atasema hawa wadada wa steshenari wanajifanya madaktari. Kwa hiyo nikamwambia, "Kaka, naomba uiulize simu yako kitu. Wewe mwenyewe." Kuandika si kazi anayoipenda, lakini Google inasikia Kiswahili kwa sauti tangu 2017. Nikambonyezea kile kialama cha maiki. Akauliza kwa mdomo wake: zebaki ina madhara gani kwa mama mjamzito?

Simu ileile, mwalimu wake uleule, ikamjibu. Akasoma taratibu. Akashuka chini, akafungua nyingine. Akanyamaza. Akaangalia pazia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa hii ilikuwa wapi siku zote?"

Sikuwa na jibu la haraka. Ilikuwa palepale mkononi, upande wa maswali, na yeye alikuwa anaishi upande wa mapendekezo.

MASHINE IKAGEUZA SWALI KUWA DUKA

Ningeishia hapo ingekuwa stori nzuri, swali limeshinda. Ila sikilizeni kilichofuata.

Siku mbili hazijapita, simu ya kaka ikabadilika. Imeshajua kwamba hapa kuna mtu ana hofu ya sumu na mjamzito. Ikaanza kumletea video za kusafisha damu, juisi ya kuondoa sumu mwilini, unga wa miti shamba, mtu amevaa koti jeupe ambaye ukimwangalia vizuri unaona koti ni la kukodi. Mmoja anauza chupa elfu arobaini na tano, unatuma hela kwa simu, mzigo unakuja na basi. Kaka akawa ameshaandaa hela. Wifi ndiye aliyenipigia: "Wifi, huyu kaka yako anataka kuninywesha kitu."

Tukampeleka kliniki. Nesi akamsikiliza, akamwambia la kwanza kabisa ni kuacha kuchomea ndani, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za nyumbani. Hakuna juisi. Kaka sasa anachomea mbali na makazi, kwenye kile kifaa cha chuma kilichofunikwa kinachonasa mvuke, wanakiita ritoti, alichangia na wenzake wakanunua. Sisemi ameacha zebaki, ndiyo inayomlisha. Mtoto amezaliwa salama, namshukuru Mungu, ila mimi bado namwangalia anavyokua.

Hilo la chupa ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Kumbe mashine ilishika hofu yake vizuri kabisa, ikaenda kuitafutia mteja. Na si ajabu, maana ndiyo biashara yenyewe. Mwaka 2023 kampuni mama ya Google iliingiza zaidi ya dola bilioni 230 kwa matangazo peke yake. Anayelipa anataka mtu sahihi kwa wakati sahihi. Mtu mwenye hofu, saa nne usiku, ana elfu hamsini kwenye simu, huyo ndiye sahihi.

Ndivyo ilivyo na mikopo. Tafuta leo "napata wapi hela ya haraka", uone wiki nzima utakavyofuatwa na programu za mikopo. Hizo hizo kausha damu ambazo ukichelewa kidogo wanawatumia watu wote kwenye simu yako ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zisizo na leseni. Kuwa na shida ndiko kulikokufanya uonekane.

LAKINI TUSIWE WANAFIKI

Mapendekezo yana uzuri wake, tena kwa watu kama sisi.

Mama yangu hawezi kuandika swali. Kusoma anasoma kwa shida, na maneno ya kitaalamu hana. Simu yake inachezewa na wajukuu, kwa hiyo nusu ya siku mashine inaamini mama ni mtoto wa miaka mitano anayependa katuni. Ila aliwahi kuangalia video moja ya mahindi mpaka mwisho, na siku nyingine katikati ya katuni ikajileta video ya viwavijeshi vamizi, wale wanaokula moyo wa mhindi. Akaita watu wote: "Njooni muone, ndio hawa wa shambani kwetu!" Angeandika nini ili awapate? Jina lao alikuwa halijui. Mwaka ule tuliwawahi.

Kwa hiyo kuna mtu ambaye swali hawezi kulitunga, na pendekezo linamfikia. Na nikiwaza bibi yangu wa Kisukuma tupu, ambaye kila swali lake mtandaoni lazima lipite kinywani kwa mjukuu, naona siku mashine itakayomwelewa na kumjua kwa hali yake itakuwa neema. Ikimkumbuka kwamba ana presha, kwamba analima mpunga, kwamba yuko Nyang'hwale ambako mvua zina majira yake, isimpe ushauri wa mtu wa Nairobi. Hiyo nitaipokea kwa mikono miwili.

Shida yangu ni moja. Mashine inatujua kwa tulichofanya jana. Kaka yangu jana alikuwa mchimbaji asiye na mtoto. Leo alikuwa baba mtarajiwa, na mashine haikujua, kwa sababu ubaba wake ulikuwa tumboni kwa mkewe, haukuwa kwenye simu. Mambo makubwa ya mtu yanaanza hivyo, kabla simu haijajua. Hapo ndipo anahitaji kuuliza. Na kuuliza ni kama misuli, usipoitumia inalegea. Nawaona wateja wangu, vijana wa umri wangu, anakaa mbele ya kompyuta, namwambia andika unachotaka, anabaki anatazama kile kiboksi kitupu kama anasubiri chenyewe kimwambie. Mtu huyohuyo TikTok anaskroli saa nne bila kuchoka.

TUFANYEJE SASA

Mimi si mtaalamu, ila haya nafanya na nawafundisha wateja wangu bure.

Kwanza, historia yako unaweza kuifuta na kuizima, kwenye Google na YouTube. Ukifuta na kuzima ya YouTube, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, hakuna video hata moja inayojileta mpaka utafute. Jaribu siku tatu. Siku ya kwanza utajisikia kama umehamia kijijini usikomjua mtu. Siku ya tatu utajikuta unajiuliza: kwani mimi nilikuwa nataka kujua nini?

Pili, ile sehemu ya kusema hupendezwi na video ipo, itumie. Usiruke tu. Na kitu cha kutapeli kiripoti.

Tatu, jambo la afya, hela au sheria, uliza mwenyewe, tena uliza kwa namna mbili. Uliza faida, halafu uliza madhara. Uliza kwenye simu yako, halafu muombe mwenzako aulize kwenye yake, muone mnapishana wapi. Halafu nenda kwa binadamu. Nesi wa kliniki hakuwa na historia ya kaka yangu, alimuuliza maswali.

Nne, tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje na kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Wengi tunabonyeza "nakubali" kama tunafukuza nzi.

Tano, wenye wadogo zenu: wafundisheni kuuliza kabla hamjawapa simu. Mimi wa kwangu akitaka simu namwambia, niambie kwanza unaenda kutafuta nini. Akisema "sijui, naangalia tu", anasubiri. Ananuna, lakini akirudi huwa ana swali. Juzi karudi na hili: kwa nini dhahabu haipati kutu? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, tukatafuta wote.

Sasa zamu yenu wadau. Jana umeiuliza simu yako swali gani lililotoka kichwani kwako mwenyewe? Shusha hapo chini kwenye komenti. Ukikosa hata moja, andika "sina", tutakuelewa. Na wale mnaosubiri habari za mchumba wa staa, Ijumaa nakuja nazo. Ninajua mtabonyeza, mashine imeshaniambia.